Bluu 47 katika kurasa 96

Mwalimu aliyenifundisha Kiswahili sekondari, ambaye sasa amestaafu na anafuga ng'ombe wawili huko Kibosho, alinirudishia mswada wangu Jumapili moja baada ya ibada. Nilimwamkia, akaitikia, akanikabidhi bahasha. "Mwanangu, kabla hujasoma nilichoandika pembeni, hesabu kwanza maduara mekundu." Nilihesabu nikiwa nimesimama pale pale nje ya kanisa. Yalikuwa 47, na kila duara lilizunguka neno lile lile: bluu. Anga la bluu, gauni la bluu, ziwa la bluu, mlima wa bluu asubuhi na mlima wa bluu jioni. Mswada wenyewe ulikuwa na kurasa 96.

Nayaandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayeandika hadithi kwa Kiswahili na ambaye huenda amekwama hapo nilipokwama. Mimi ilinichukua miezi minane kutoka, na fedha ambazo sikuwa nazo za kuchezea.

Hadithi yangu inahusu binti wa fundi cherehani wa Moshi mjini anayekwenda kumtafuta kaka yake Rombo, katika kijiji kilicho karibu na Ziwa Chala. Kuna safari, kuna maji, na Mlima Kilimanjaro upo kila ukurasa kwa sababu ukiishi Moshi ndivyo ulivyo: unatoka kumwaga maji machafu, unauona, unapanda daladala, unauona. Bluu zilikuwa nyingi kwa haki. Kosa lilikuwa kwamba zote nilizipa jina moja, kama mama mwenye watoto saba anayewaita wote "wewe".

Niliumia. Usiku ule niliiweka bahasha chini ya godoro na sikuigusa kwa wiki mbili. Nilipoitoa nilifanya jambo ambalo nadhani wengi tungelifanya, yaani nilikimbilia kamusi. Humo nilikuta utajiri: samawati, nili, feruzi, yakuti, urujuani. Nikarudi kwenye maduara nikaanza kubadilisha moja baada ya jingine. Sentensi iliyokuwa "ziwa lilikuwa la bluu chini ya anga la bluu" ikageuka "ziwa la feruzi lililala chini ya anga la samawati, ukingo wake wa nili". Nilijiona nimefika. Nikampa mhariri mmoja shilingi 300,000 aupitie mswada, naye akasahihisha vituo na herufi kubwa, akaziacha rangi zangu kama zilivyo.

Aliyeniamsha ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, anakaa kwangu Pasua wakati wa shule. Nilimpa sura ya nne aisome. Alisoma kimya kwa dakika kumi hivi, kisha akainua kichwa. "Mamdogo, huyu Feruzi ni nani? Mbona hakutajwa mwanzoni?"

Alikuwa akiuliza kwa dhati. Kwake Feruzi ni jina la mwanamume. Hajawahi kuliona hilo jiwe la feruzi, hata mimi sijawahi kulishika. Nikamuuliza samawati ni nini, akasema ni rangi fulani, labda ya kijani. Nili alikuwa ameisikia darasani kwenye rangi za upinde wa mvua, pamoja na urujuani, lakini hakuweza kunionyesha hata kitu kimoja mle ndani chenye rangi hiyo. Na pale nilipoandika kwamba maji yaling'aa "kama yakuti", yeye aliona maji mekundu. Hakukosea, kwa sababu wengi wakisikia yakuti hufikiria lile jiwe jekundu.

Sisemi maneno hayo ni mabaya. Samawati ni neno zuri, limetoka kwenye Kiarabu cha mbingu, na wapo wasomaji wa pwani ambao feruzi haliwapi shida. Mimi naandikia vijana wa Moshi na Arusha. Neno ambalo msomaji halioni machoni halimpi rangi yoyote, linampa kazi ya kukisia.

Nilipanda tena Kibosho. Safari hii nilimkuta Mwalimu anakata majani ya ng'ombe, akanikaribisha barazani, tukaletewa chai. Aliniambia, "Sema nyeupe." Nikasema nyeupe. "Nyeupe nini?" Nyeupe pe. "Nyeusi?" Ti. "Nyekundu?" Ndu. "Haya, bluu?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza akinitazama.

Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma shuleni bila kulielewa. Rangi zinazovaa viambishi kwa Kiswahili ni hizo tatu tu: mweupe, cheupe, jeupe, mweusi, cheusi, jeusi, mwekundu, chekundu, jekundu. Ndizo hizo hizo zenye pe, ti na ndu. Zilizobaki nyingi ni vitu. Kijani ni majani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni ile bizari ya jikoni. Zambarau ni tunda, tunalila na ulimi unageuka. "Kiswahili kikitaka rangi, kinakwenda kutafuta kitu," alisema. "Bluu tumeipokea kutoka kwa Mwingereza ikiwa haina kitu mkononi. Wewe ukaenda kuitafutia maneno. Nenda ukaitafutie vitu."

Nilishuka mlimani nikilirudia hilo kichwani hadi stendi.

Kitu cha kwanza nilikipata nyumbani kwangu, Jumamosi, siku ya kufua. Nilikuwa nasuuza mashati meupe ya shule, nikachukua bluu ya kufulia, ile ya unga. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Siku hiyo, kabla ya kukoroga, nilisimama nikatazama. Chembe zilipogusa maji zilikuwa nyeusi kabisa, ungedhani ni masizi. Kila chembe ikaanza kushuka ikivuta nyuma yake uzi, na uzi ule karibu na chembe ulikuwa mzito kama wino, katikati ulikuwa bluu ile ambayo kila mtu angeiita bluu, na kwenye ncha ulikuwa umekonda hadi huwezi kusema kama ni rangi au ni maji tu. Nyuzi zikafika chini ya beseni, zikajikunja, zikaanza kutanda. Sehemu ya kando iliyokuwa bado nyeupe ikavamiwa polepole. Nilipotia mkono na kukoroga mara moja, zote zikapotea na beseni zima likabaki na bluu moja hafifu, ya kitu kilichooshwa.

Nilikaa chini kwenye kigoda, mikono bado inadondosha maji, nikamwomba yule binti aniletee daftari. Niliandika maneno yaliyokuja bila kuchagua: ilikoza, ilikolea, ilishuka, ilitanda, ilikonda, ilififia, ikapauka. Nilipoyasoma niliona kitu ambacho nisingekiona kwenye kamusi. Hakuna jina la rangi hata moja humo. Yote ni vitenzi.

Hilo ndilo lililobadilisha uandishi wangu, nami naomba ulichukue hata kama mengine yote utayaacha. Bluu zetu hazimo kwenye majina. Zimo kwenye vitu na kwenye yale yanayovipata vitu hivyo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Memorial, kwenye mitumba, nikiwa na daftari badala ya fedha. Nilikaa na mama mmoja anayeuza mashuka na magauni, nikamweleza shida yangu, akanielewa mara moja kwa sababu kazi yake yote ni rangi. Alinipangia nguo za bluu kwenye turubai, kumi na moja. Kulikuwa na bluu bahari, ambayo kwa wauzaji ni ile ya kuchangamka inayoelekea kwenye kijani. Kulikuwa na dak bluu. Kulikuwa na "bluu ya shule", na hapo hakuhitaji kuniambia zaidi, kwani nani kwetu hajavaa kaptula au sketi ya shule ya msingi?

Lakini kwa vitenzi ndiko aliponifundisha. Nilikuwa nikidhani kuchuja, kupauka na kufifia ni kitu kimoja. Aliniambia hapana, na akanionyesha. Nguo inayochuja inatoa rangi kwenye maji. Ukiifua na nyeupe imeharibu zote mbili. Inayopauka imekaliwa na jua na vumbi, na utaiona mabegani na mgongoni, kwapani rangi bado iko vilevile. Kufifia alikutumia kwa kitu unachokiona kwa mbali au kwenye mwanga mdogo, rangi haijaondoka, jicho ndilo haliifikii. Na iliyofubaa bado ina rangi yake, imekosa uhai tu, haing'ai tena. Akamalizia kwa kunishikisha gauni moja, "Hii imeiva," yaani rangi imeingia mpaka ndani ya uzi, geuza ndani na nje ni ile ile.

Fikiria basi sketi ya shule. Januari imekoza, imeiva, inakaribia weusi. Juni imeanza kupauka magotini. Novemba, mtoto yule yule, sketi ile ile, unaona rangi nyingine kabisa. Nikiandika "alivaa sketi ya bluu" sijasema kitu. Nikiandika "sketi yake ya shule ilikuwa bado imekoza" nimekwambia ni mwanzo wa mwaka na kwamba kuna mtu nyumbani aliyepata fedha ya kununua mpya. Rangi imegeuka kuwa habari.

Kosa langu la tatu lilikuwa kuandika mahali nilipopakumbuka badala ya mahali nilipopatazama. Kwa mlima nilijiwekea utaratibu: siku kumi, mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, naandika mstari mmoja tu. Mara nyingi mchana mstari ulikuwa "haupo", maana mawingu yameshaufunika. Asubuhi ndiyo iliyonilipa. Kabla jua halijatoka, vilele vya Kibo na Mawenzi vilikuwa kipande kimoja kilichokatwa kwa mkasi, hakina miti wala mabonde. Jua lilipopanda kidogo, sehemu ya chini ya mlima ikawa hafifu kuliko ya juu, ikakaribia kufanana na anga lenyewe, na theluji ikabaki inaelea haina kilichoishikilia.

Nilimuuliza mwalimu wa fizikia shuleni kwetu kwa nini. Akasema mlima hauna bluu yoyote. Pale kuna mawe, majivu ya volkano na msitu. Bluu ni ya hewa iliyo kati yako na mlima: mwanga wa jua ukipita hewani, sehemu yake ya bluu hutawanywa zaidi kuliko nyekundu, nayo ndiyo inayokufikia. Kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo hewa iliyo katikati ilivyo nyingi. Kwa mwandishi hii ni faida kubwa. Maana yake bluu ya mlima ni kipimo cha umbali. Msichana wangu alipokuwa Moshi mjini mlima ulikuwa na bluu, na kadiri gari lilivyopanda kuelekea Rombo ulipaswa kuipoteza, migomba na kahawa zikaanza kuonekana kwa kijani chake. Katika mswada wa kwanza nilikuwa nimeuacha na bluu hadi mlangoni kwa shangazi yake. Mtu yeyote wa Marangu angejua kwamba sijafika.

Chala nilikwenda mwezi Agosti. Nauli, kiingilio na chakula vilinigharimu 70,000 na kidogo, na ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika kitabu hiki. Ziwa lile limo ndani ya shimo la volkano, mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake, na unalitazama kwanza ukiwa juu ukingoni. Nilikuwa nimeandika "la feruzi". Nilipofika niliona kwamba hakuna neno moja linaloweza kulibeba. Kando, chini ya mawe, maji yalikuwa kama chupa ya soda iliyooshwa. Hatua chache kuingia ndani yakawa bluu bahari. Katikati, kwenye kina, nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama na kaniki yake ya shambani, ile nguo iliyotiwa rangi hadi huwezi kuamua kama ni bluu au nyeusi mpaka uiinue juani. Wingu lilipopita yote yalifubaa kwa pamoja, na lilipoondoka yakarudi, kando kwanza.

Huo ndio mstari uliobaki kitabuni: "Katikati ziwa lilikuwa kaniki." Maneno manne. Hakuna bluu ndani yake.

Na kwa nini kaniki? Kwa sababu anayetazama ni binti wa fundi cherehani. Yeye dunia anaiona kwa vitambaa. Hapo kwanza nilikuwa namwazima macho yangu ya ualimu, anaona nili na urujuani ambazo hajawahi kuzipima kwa futi. Nilipompa macho yake mwenyewe kazi ilinirahisikia: anga la asubuhi likawa kitambaa kisichokunjuliwa, mlima wa jioni ukawa shati lililopauka mabegani. Kama mhusika wako ni mvuvi, au dereva wa lori, au kijana wa machimbo ya Mererani, mwulize yeye ana vitu gani vya bluu maishani mwake. Usianze na ulichonacho wewe.

Kati ya yale maduara 47 niliacha "bluu" tisa. Ninasisitiza kwamba niliziacha. Pale ambapo rangi haina uzito, kwa mfano ndoo iliyo mlangoni, andika ndoo ya bluu upite. Msomaji akisimamishwa kwa kila ndoo hafiki ziwani.

Niseme na la jalada, maana liliniuma mfukoni. Mchapaji mmoja wa Arusha alinitumia picha ya jalada kwenye simu: ziwa, bluu safi, nikasema endelea. Nilipofika kuchukua nilikuta majalada 200 ya zambarau, yanafanana kabisa na maua ya jakaranda yaliyokuwa yamemwagika barabarani Oktoba ile. Nililia pale kaunta, sioni aibu kulisema. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa hutengeneza kwa wino wa aina nne, na bluu ya karatasini hupatikana kwa kuchanganya sayani, wino wa bluu inayoelekea kijani, na majenta, wino wa waridi iliyokolea. Majenta ikiikaribia sayani, umepata zambarau. Nililipa 180,000 kurudia. Kabla ya kusema "endelea", omba nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi ile ile, itoke nayo nje, itazame juani.

Nikisubiri majalada mapya siku hiyo, niliingia duka moja la vito. Dada wa pale hakujali kwamba sina uwezo wa kununua, alitoa tanzanaiti ndogo akaishika kwa kibanio na kuigeuza polepole chini ya mwanga. Upande huu bluu, upande huu zambarau. Akaniambia nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na hupata bluu zikichomwa kwa moto. Jiwe hilo linachimbwa Mererani peke yake duniani, tangu 1967, na sisi tunaoishi karibu nalo hatujalitengenezea hata neno. Nilimwomba aligeuze tena. Daftarini niliandika: "bluu inayogeuka ukiigeuza." Bado sijapata hadithi ya kuiweka.

Kitabu kilitoka Desemba, nakala 200, bei 8,000. Nilimpelekea Mwalimu ya kwanza. Alikisoma kwa siku tatu, na kwenye nakala yake kuna duara moja tu, ukurasa wa 61, nilipoandika kwamba moshi wa jikoni ulipanda "rangi ya bluu" kati ya migomba. Pembeni ameandika: "Hii bado."

Ana haki. Nimeshautazama moshi huo mara nyingi, jioni, kuni zikiwa mbichi kidogo na hewa imetulia. Ukiwa mbele ya migomba una bluu, ukivuka juu ya majani na kukutana na anga unageuka wa udongo. Si kaniki, si sketi ya Novemba, si uzi wa beseni ingawa unakaribia. Jana nilimwomba yule binti wa dada aje tukae wote kwenye kigoda uani kwa jirani wakati wanapika. Tulikaa mpaka giza. Yeye amependekeza "maziwa yaliyochakachuliwa", nami nimeliandika.